Marehemu Hapokei Simu

Jumamosi hiyo Nguzo alikufa asubuhi na mapema, akiwa amevaa shati jipya, na wenzake wote walicheka.

Kifo chenyewe kilitoka kwenye kikombe cha plastiki. Mkaguzi, mwanamke mfupi aliyening'iniza miwani kifuani kwa kamba, alikuwa ameandika jina la kila mfanyakazi wa idara ya seva kwenye kikaratasi chake, akavikunja vikaratasi vyote, akavitumbukiza kikombeni na kuvitikisa. Akachomoa kimoja. Akakisoma, akavaa miwani, akakisoma tena.

"Nguzo ni nani?"

"Ndimi," alisema Nguzo, akajiweka sawa kola. Alidhani anakabidhiwa uongozi wa zoezi. Jina la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kazini aliitwa Nguzo hata kwenye orodha ya zamu, na hakuwahi kulalamika.

"Pole sana," alisema mkaguzi. "Umekufa."

Kampuni yao ilikuwa ikitunza kumbukumbu za mtandao mkubwa wa maduka ya dawa. Kumbukumbu hizo hazikukaa madukani. Zilikaa kwenye wingu, yaani kwenye seva, mashine za mbali ambazo kila duka lilizifikia kwa intaneti. Mara kwa mara walifanya zoezi la maafa: wanajifanya kituo kikuu cha mashine hizo kimeungua, kisha wanajaribu kuinua kila kitu upya kwenye kituo cha akiba kilichoko mji mwingine. Kwa miaka yote zoezi lilikwenda vizuri, kwa sababu Nguzo ndiye aliyekuwa akilifanya. Wenzake walishika vikombe vya kahawa na kupiga makofi mwishoni. Na mgema akisifiwa, mnajua anachofanya.

Safari hii mwenye maduka ya dawa alitaka kuona kwa macho yake kabla ya kusaini mkataba mpya, akamtuma mkaguzi wake. Mkaguzi akaja na sheria yake: moto ukiunguza mashine, hauwaachi watu. Lazima mfanyakazi mmoja afe. Aliyekufa anakwenda nyumbani, hasemi na mtu wa kazini kuhusu kazi, hapokei simu, haandiki ujumbe, mpaka zoezi liishe.

"Lakini mimi ndiye..." alianza Nguzo.

"Marehemu," alisema mkaguzi kwa upole, "mlango ni ule."

Mkurugenzi alimsindikiza hadi kwenye ngazi. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliyapima. "Nenda kapumzike," alisema mwishowe, kisha akaona alichokisema. "Kwa amani. Yaani, pumzika tu."

Nguzo hakucheka. Tangu Alhamisi kulikuwa na tangazo ukutani: baada ya zoezi, idara ya seva itapunguzwa mtu mmoja. Nguzo alikuwa amelisoma tangazo hilo kwa huruma, akijiuliza ni mwenzake yupi maskini ya Mungu. Sasa, akishuka ngazi moja moja, alilisoma upya kichwani. Zoezi likifanikiwa bila yeye, basi itakuwa imethibitika mbele ya mkaguzi na mkurugenzi kwamba kazi inakwenda bila yeye. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kitu kimoja tu kilimpa moyo, nacho si cha kujivunia. Mwongozo wa kuinua mashine aliuandika yeye mwenyewe, na aliuandika ukiwa na pengo.

* * *

Nyumbani mkewe alikuwa ameinamia cherehani. Alikuwa fundi wa mapazia. Sebule yao nusu ilikuwa sebule na nusu karakana, na mtu akitaka kuketi lazima kwanza amhamishe mtu mwingine au jora la kitambaa. Mama mkwe wake Nguzo alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akifumua pindo lililoharibika. Binti yao, mwanafunzi wa darasa la nne, alikuwa uani na kamba yake ya kuruka.

"Mbona mapema?" aliuliza mkewe bila kuinua uso. "Umeumwa?"

"Nimekufa."

Cherehani ilinyamaza.

Alieleza. Alieleza kikombe, kikaratasi, miwani na ngazi. Mkewe alimsikiliza akiwa na pini mdomoni, na ilionekana wazi kwamba pini ndiyo iliyokuwa ikizuia kicheko. Mama mkwe hakuwa na pini.

"Subiri kwanza, mkwe wangu," alisema akijifuta machozi. "Hizo mashine ziko mawinguni, na bado zinaungua?"

"Haziko mawinguni, mama. Ni jina tu."

"Na wewe umekufa, lakini ni jina tu."

"Ndiyo, mama."

"Basi karibu chai. Marehemu wa jina ana njaa ya kweli."

Nguzo aliweka simu mezani, uso juu, akaikodolea macho. Hakujua mahali pa kujiweka. Kwa miaka mingi nyumba hii aliipitia tu kama msafiri anayebadilisha gari kituoni. Alikula huku amebana simu kwa bega, alilala simu ikiwa chini ya mto. Akaketi kwenye kochi, akaambiwa ainuke, amekalia pazia la mteja. Akahamia kiti cha pembeni, akaambiwa kile mguu wake mmoja ni mbovu tangu mwaka jana. Akasimama. Mkewe akamwomba asisimame kwenye mwanga.

Aliyoyaona asubuhi hiyo yalimkera kwa namna asiyoweza kuieleza. Mtu wa gesi alifika, akalipwa, akaondoka bila kuuliza mwenye nyumba. Mteja alikuja na malalamiko kwamba pazia ni fupi. Mkewe alimwambia maneno mawili, mteja akaondoka na pazia lilelile, akiwa amefurahi. Mama mkwe alimeza vidonge vyake vya presha kwa maji yaliyoletwa na binti ambaye hakuagizwa na mtu. Bomba la jikoni lilianza kuvuja. Kabla Nguzo hajainuka kwa shauku, mkewe alikwisha kulikaza kwa bisibisi iliyokuwa kwenye droo ya uzi.

"Kumbe bisibisi inakaa huko?" aliuliza.

"Tangu tuhamie hapa."

Jirani, kinyozi mwenye kibanda kando ya geti lao, alichungulia dirishani akiwa na simu mkononi. Alikuwa na mazoea ya kumletea Nguzo simu yake kila ilipogoma.

"Fundi yupo?"

"Yupo, lakini leo ni marehemu," alisema mama mkwe, pasipo kutabasamu hata kidogo. "Kazi zote zimesimama. Ukiwa na rambirambi, iache hapa."

Kinyozi alimtazama Nguzo, ambaye alikuwa amesimama palepale na kikombe cha chai, akimtazama vilevile. Kinyozi alikuwa mtu mwenye adabu. Alivua kofia, akasema, "Poleni sana," akaondoka. Baada ya muda alirudi na mkebe wa biskuti, akauweka dirishani bila kuuliza swali.

"Huyu ndiye jirani," alisema mama mkwe akifungua mkebe. "Wengine wangetaka maelezo."

* * *

Simu ilitetema kabla ya chai ya pili. Nguzo aliruka. Mkewe akawahi kuifunika kwa kiganja.

"Marehemu hapokei simu."

"Tazama tu ni nani!"

"Taratibu."

Taratibu alikuwa mwenzake wa meza ya pili, mtu mzima wa umri wake, aliyepewa jina hilo kwa sababu hata mlango alikuwa akiufungua kwa awamu. Walikuwa pamoja tangu kampuni ilipokuwa chumba kimoja. Nguzo alimpenda kama mtu anavyompenda aliye nyuma yake kwenye foleni.

"Wamekwama," alisema Nguzo. Macho yake yalikuwa yameng'aa kidogo. "Nilijua watakwama. Kwenye hifadhidata. Lazima ni kwenye hifadhidata."

Simu ilinyamaza. Mkewe aliondoa mkono, akachomeka pini kwenye kitambaa, akamgeukia.

"Ulijuaje?"

Kuna watu wakijisifu husahau kutazama wanakoelekea. Nguzo akaeleza, tena kwa raha. Mashine haziinuliwi ovyo ovyo, alisema. Kwanza ile ya majina, inayojua kila mashine inaitwaje na iko wapi. Pili ya saa, ili zote zikubaliane sasa ni saa ngapi. Tatu hifadhidata, penye kumbukumbu zenyewe. Haya yote yamo kwenye mwongozo. Lakini hifadhidata yao ina tabia yake. Ukiiamsha mara ya kwanza hukataa na kuandika maandishi mekundu kwamba imeharibika. Haijaharibika. Inapanga mambo yake ndani kwa ndani. Asiyejua huogopa, huizima na kuiwasha, huizima na kuiwasha, na kila akifanya hivyo inaanza kupanga upya. Ajuaye huiacha. Huiacha kabisa, mpaka itulie, kisha huiamsha mara ya pili, nayo hukubali kama hakuna kilichotokea.

"Na hilo la kuiacha halimo kwenye mwongozo," alisema mkewe.

"Halimo."

"Ulisahau?"

Nguzo alikunywa chai iliyokwisha kupoa. "Kila mtu akijua kila kitu," alisema, "mimi nitakuwa wa nini?"

Cherehani haikuwashwa. Mama mkwe alishusha pindo lake magotini. Alimpenda mkwe wake, na kwa ajili hiyo hakumwonea haya.

"Kwa hiyo wewe ni nguzo," alisema.

"Ndivyo wanavyoniita, mama."

"Nyumba inayoanguka kwa kuondolewa nguzo moja ilijengwa vibaya, mwanangu. Na kama nimekuelewa, fundi aliyeijenga ni wewe."

Nguzo alitaka kujibu. Badala yake akachukua biskuti ya rambirambi.

* * *

Mara ya pili ilikuwa simu ya mkewe iliyolia. Aliipokea, akasikiliza, akaiweka katikati ya meza ikiwa na sauti ya wazi, kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa kitambaa na kwa sababu alitaka mumewe asikie.

"Shemeji," ilisema sauti ya Taratibu, "samahani kukusumbua nyumbani. Ile ya kwanza nilimpigia marehemu kwa kujisahau. Mkaguzi yuko hapa kando yangu, anasikia. Amesema naweza kuzungumza na wewe, ila na marehemu hapana."

"Marehemu yupo hapa, shemeji, ametulia. Vipi huko?"

"Huko hakusemeki." Kulikuwa na kelele za watu nyuma yake, mtu alikuwa akisema jaribu tena, mwingine akisema usijaribu. "Tumeizima na kuiwasha mpaka vidole vimechoka. Sikupiga kuomba msaada, nisije nikaharibu zoezi. Nimepiga nitoe ya moyoni tu. Ikifika adhuhuri haijaamka, maduka ya dawa yanaondoka."

"Pole, shemeji."

"Kuna kingine. Mkaguzi aliuliza, mwongozo huu wenye pengo uliandikwa na nani. Nikasema mimi."

Nguzo aliacha kutafuna.

"Kwa nini ulisema wewe?" aliuliza mkewe.

"Marehemu hasemwi vibaya," alisema Taratibu. Ilikuwa mzaha, lakini sauti yake haikuubeba vizuri. "Halafu, shemeji, kuna lile tangazo. Wakiamua kupunguza, wanipunguze mimi. Yeye ana mama mkwe na mtoto. Mimi nina paka, na paka mwenyewe hula kwa jirani. Mwambie sina kinyongo. Mwambie akirudi, ile kalamu yake niliyoazima iko kwenye droo ya juu."

Mkewe hakumtazama Nguzo. Mama mkwe hakumtazama. Kwa mtu aliyezoea kutazamwa, hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Nguzo aliona aibu, aibu ya kweli inayoanzia masikioni, na alijua kabisa kinachompasa: kusema maneno machache tu kuelekea kwenye ile simu. Lakini akisema, marehemu amesema, zoezi limebatilika, na Taratibu ameumia bure. Asiposema, Taratibu ameumia vilevile. Na akipata njia ya kusema bila kusema, basi kazi imekwenda bila Nguzo, na Jumatatu tangazo la ukutani lina mtu wake.

Alifikiri hivyo kwa muda wa pumzi kadhaa. Kisha akainuka, akatoka kwenda uani kwa kunyata, akamshika binti yake bega.

"Njoo urukie ndani," alinong'ona.

Mtoto alimtazama kama aliyeambiwa apande juu ya meza. "Baba, si ulisema nikirukia ndani utaikata kamba?"

"Leo ruka. Pale, karibu na meza. Ule wimbo wako."

"Upi?"

"Ule unaoniudhi."

Hapa lazima msomaji aelezwe kuhusu wimbo huo. Kwa miaka mingi Nguzo alikula chakula cha jioni huku akifoka kwenye simu, akimwelekeza mtu wa zamu aliyetaharuki mbele ya maandishi mekundu: jambo moja, maneno yaleyale, karibu kila wiki. Aliyeelekezwa alifanya kwa hofu na kusahau kwa furaha. Lakini walioketi mezani hawakuwa na hofu wala simu. Walikuwa na masikio tu. Mtoto anayekua katika nyumba ya aina hiyo hutunga nyimbo kwa alichonacho.

Kamba ilipiga sakafu. Vikombe vilitikisika. Binti akaimba kwa sauti yake yote, kama alivyozoea:

"Majina kwanza, saa baadaye,
Hifadhi ya tatu, iache yenyewe!
Ikigoma, iache inune,
Ikishanuna, iamshe tena!"

Kwenye simu, zile kelele za jaribu na usijaribu zilikoma. Binti akarudia. Alirudia mara ya tatu, akiongeza mruko wa mguu mmoja kwenye "inune".

"Shemeji," ilisema sauti ya Taratibu, taratibu sana, "mtoto anaimba nini?"

"Wimbo wake wa kamba," alisema mkewe Nguzo. Sasa alikuwa akimtazama mumewe, na mumewe alikuwa akitazama dari.

"Hapo kwenye kununa. Inune kivipi?"

Mama mkwe akasogeza kiti, akainamia simu kama anayezungumza na kiziwi. "Wewe mwanangu, hujui kununa? Umeisumbua, imekasirika. Iache! Usiishike, usiitazame, kanywe maji. Kila siku anapiga kelele hayo hapa mezani, mpaka chakula kinapoa. Ikishatulia, iamshe mara moja tu. Hata mimi ningeiamsha, na sijawahi kuiona."

"Mheshimiwa mkaguzi," alisikika Taratibu akisema pembeni, "hii ni halali?"

Ilisikika miwani ikigonga vifungo vya koti. Sauti ya mkaguzi ikaja karibu. "Nani anazungumza hapo?"

"Mama mkwe wa marehemu."

"Umeajiriwa na kampuni?"

"Na nani aniajiri, na magoti haya?"

"Na huyo anayeimba?"

"Mjukuu wangu. Darasa la nne."

Mkaguzi alifikiri. "Sheria inamkataza marehemu," alisema mwishowe. "Haikutaja warithi. Endeleeni. Nitaandika kila kitu kama kilivyotokea."

Simu ikakatika. Binti aliendelea kuruka mpaka mama yake alipomwambia basi. Nguzo aliketi kwenye kile kiti chenye mguu mbovu, kikaegemea upande, naye akaegemea nacho. Wakati mama mkwe alipokuwa akikusanya nyuzi zake, ujumbe wa Taratibu uliingia kwenye simu ya mkewe, naye akausoma kwa sauti: "Imenuna. Imeamka. Maduka yote yanasoma. Mwambieni marehemu apumzike kwa amani."

"Basi," alisema Nguzo. "Wameweza bila mimi."

Mkewe alimwekea mkono begani, wenye kidole kilichovaa kastabini. "Nilikuona ulipokwenda uani," alisema. Halafu akarudi kwenye cherehani, kwa sababu mteja wa alasiri hakuwa na habari ya maafa ya mtu.

* * *

Jumatatu Nguzo alikwenda kazini na begi kubwa kuliko kawaida, la kubebea vitu vyake vya mezani. Alikuwa amepanga la kusema tangu Jumapili, akalisema akiwa bado mlangoni kwa mkurugenzi, kabla hajaambiwa aketi: kwamba mwongozo si wa Taratibu bali wake, na kwamba pengo halikuwa la kusahau.

"Najua," alisema mkurugenzi. "Taratibu angeuandika yeye, angekuwa bado hajaumaliza."

Mkaguzi alikuwa ameketi kando, miwani kifuani, ripoti magotini. Mkurugenzi aliinyooshea kidole ile ripoti kama anayeonyesha nyoka.

"Tulijiandaa kwa moto. Tulijiandaa kwa mafuriko, kwa umeme kukatika, kwa wezi. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Ripoti inasema maafa makubwa ya kampuni hii ni wewe kupata homa. Na inasema kituo chetu cha akiba, kwa maana halisi, ni bibi mmoja mwenye magoti mabovu na mtoto wa shule. Nimesaini. Nimesaini karatasi yenye maneno hayo."

"Na tangazo la ukutani?" aliuliza Nguzo.

"Mwambie wewe," mkurugenzi alimwambia mkaguzi. "Mimi nikisema nitalia."

"Mteja amekubali mkataba mpya kwa sharti moja," alisema mkaguzi. "Kila jambo la idara ya seva lijulikane na watu wasiopungua wawili. Kwa sasa anayejua ni mmoja, na wa pili amejifunza Jumamosi. Huwezi kupunguza mtu kwenye idara ambayo bado haijatimia."

Nguzo alishikilia begi lake tupu. Alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine.

"Wiki hii utamfundisha Taratibu kila kitu," alisema mkurugenzi. "Kila kitu, Nguzo. Hata usichojua kwamba unakijua. Wiki inayofuata unakwenda likizo, na simu yako inabaki hapa."

"Likizo ya siku ngapi?"

"Mpaka tukusahau kidogo," alisema mkaguzi, akavaa miwani.

* * *

Asubuhi ya kwanza ya likizo Nguzo alikuta meza haina chai. Katikati yake kulikuwa na kikombe, na ndani ya kikombe vikaratasi vilivyokunjwa. Mama mkwe alikuwa ameketi mbele yake kwa heshima zote, miwani yake ya kusomea ikining'inia kifuani kwa uzi wa cherehani.

"Chomoa," alisema.

Nguzo alichomoa. Kilikuwa kimeandikwa "Mama". Baadaye sana aligundua kwamba vyote viliandikwa hivyo.

"Pole sana, baba," alisema binti. "Mama amekufa. Yuko chumbani, na mlango umefungwa."

Nguzo alicheka. Alikuwa mtu wa mazoezi ya maafa, jamani. Nyumba moja ingemshinda nini? Akakunja mikono ya shati. Akatafuta majani ya chai, akapata hamira. Akatafuta sukari, akapata vifungo. Kengele ya geti ikalia: mteja amekuja kuchukua pazia lake, la bluu, hapana, si hili la bluu, lile la bluu. Binti akataka soksi za michezo za shule. Mama mkwe akauliza kwa upole vidonge vyake ni kabla au baada ya kula, yeye leo hajui, yeye leo ni wa kuhudumiwa. Mtu wa maji akagonga akisema mama mwenye nyumba alimwambia aje leo kwa ajili ya lile jambo.

"Jambo lipi?" aliuliza Nguzo.

"Yeye anajua."

Alisimama katikati ya sebule na kopo la hamira mkononi. Maandishi mekundu kila upande, na mwongozo hakuna.

"Mwanangu," alimwambia binti yake, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa lakini bado ana ujanja mmoja, "wewe una nyimbo. Hebu chukua kamba. Niimbie wa mama."

Mtoto alifikiri kwa haki. "Wa mama sina."

"Kwa nini huna? Si anasema kila siku? Si tunakula pamoja, anasema habari za vidonge, za maji, za wateja?"

"Anasema," alisema binti. "Lakini huwa anasema polepole, na wewe unakuwa unapiga kelele kwenye simu. Hatumsikii."

Nguzo aliweka kopo chini. Alitembea hadi mlango wa chumbani, akabisha.

"Mke wangu. Fungua unielekeze. Nitasikiliza."

"Nimekufa mimi," ilijibu sauti kutoka ndani. "Nenda zako."

Alinyanyua mkono abishe kwa nguvu. Kutoka kiti cha dirishani mama mkwe alikohoa. Mkono ukabaki hewani, kisha ukashuka. Nguzo akaketi sakafuni, mgongo ukiwa ukutani, kando ya mlango. Mtu wa maji aliambiwa asubiri, akaketi naye. Mteja wa pazia la bluu alipewa biskuti. Hapakuwa na simu ya kutazama, kwa hiyo alitazama mlango, ambao rangi yake, aliona kwa mara ya kwanza, mkewe alikuwa ameibadilisha.

Aliiacha inune. Mpaka kule ndani kitanda kilipolia, nyayo zikasogea, na kukawa na kimya cha mtu aliyesimama upande wa pili akisikiliza kama kuna anayesubiri.

Ndipo akabisha mara ya pili.